Kupiga simu kupitia repita ya mlimani: kazi iko kwenye kukata

Swali la msomaji: Tuna repita (mtambo wa kupokea na kurusha upya sauti za redio) ya VHF ya wati 25 juu ya kilima, inaendeshwa na sola. Walinzi wetu na wahudumu wa zahanati wako bondeni ambako simu hazishiki kabisa, lakini kileleni palipo na repita mtandao unashika vizuri. Ofisi iko kilomita 40 kutoka hapo. Tunataka mtu wa bondeni aweze kupiga simu kwa redio koli yake. Fundi mmoja ametushauri tuchomeke kitochi (simu ndogo ya vitufe) kwenye repita kwa waya wa hedifoni. Je, itafanya kazi, au tuweke simu ofisini?

Jibu: Kitochi kitafanya kazi siku ya majaribio, kisha kitawatesa. Wazo lenyewe ni zuri, na kilima chenye repita na mtandao pamoja ndicho mahali panapofaa kuliko pote. Kosa liko kwenye kifaa kilichochaguliwa. Kupitisha sauti kutoka simu kwenda redio ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu mwenye pasi ya solda na mita. Kazi hasa ni kuhakikisha simu inakatika yenyewe kila inapopaswa kukatika, kwa sababu kileleni hakuna mtu wa kubonyeza kitufe chekundu. Simu isiyokatika inameza salio, inamaliza betri, na inafunga chaneli ambayo walinzi wanaitegemea wakipata dharura. Ushauri wote ulio hapa chini umepimwa kwa kipimo hicho.

Juu kilimani au ofisini?

Juu kilimani. Repita ina upande wa kupokea na upande wa kurusha vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja, kila kimoja kwa masafa yake. Hata inaporusha bondeni sauti ya mtu wa simu, sikio lake liko wazi. Mlinzi akibonyeza PTT (kitufe cha kuongea) katikati ya maneno ya mwenzake, anasikika. Akituma alama ya # ili kukata, amri inafika papo hapo.

Ukiiweka simu ofisini utalazimika kuiunganisha na redio ya kawaida inayozungumza na repita kwa mbali, na redio ya kawaida haisikii wakati inarusha. Mtu wa simu akiongea mfululizo, au mtandao ukianza kutoa ule ujumbe wa sauti wa “salio lako halitoshi”, redio ya ofisini itaendelea kurusha na mlinzi hana njia ya kuikatiza. Uamuzi wa nani anaongea utaachiwa VOX, yaani swichi inayowashwa na sauti. VOX humeza silabi ya kwanza ya kila sentensi, na upepo au injini ya gari huiwasha bila sababu. Kuna na tatizo la mkia: repita nyingi hubaki hewani sekunde mbili au tatu baada ya mtu kuachia PTT, na kifaa cha ofisini huuchukua mkia huo kuwa mtu bado anaongea. Kama siku moja mtalazimika kufuata njia hiyo, tuseme mtandao umepotea kilimani, ondoeni mkia huo au ipangeni repita iache kutuma toni ya CTCSS (toni nzito ya chinichini inayotambulisha redio zenu) mara PTT inapoachiwa, na redio ya ofisini isikilize toni hiyo badala ya wimbi tupu.

Kwa nini kitochi hakifai

Tundu la hedifoni la milimita 3.5 kwenye simu nyingi za sasa lina sehemu nne: ncha ni sikio la kushoto, pete ya kwanza sikio la kulia, pete ya pili ardhi, na shina ni maiki. Baadhi ya simu za zamani zimegeuza hizo mbili za mwisho, na ndiyo maana waya uliofanya kazi kwa simu moja unakuwa bubu kwa nyingine. Kwenye maiki simu hutoa volti kama 2 za DC, na isipohisi mzigo wa takriban kilo-om 2 haitambui kwamba kuna hedifoni. Maiki hiyo inataka milivolti chache tu, wakati repita inatoa milivolti mia kadhaa. Kwa hiyo mnahitaji kuipunguza sauti: kilo-om 33 mfululizo, kilo-om 1 kwenda ardhi, kisha kapasita ya mikrofaradi 1 kuzuia ile DC, na kilo-om 2.2 kati ya maiki na ardhi ili simu ione mzigo. Katikati iwepo transfoma ndogo ya om 600 kwa 600, ili ardhi ya simu na ardhi ya repita zisigusane na kuleta mvumo.

Hadi hapo sauti imepita. Sasa nani anapiga namba? Kitochi hakisikilizi toni za DTMF (zile milio za vitufe vya namba) zinazoingia kwenye maiki yake. Namba hupigwa kwa vitufe vyake tu. Na kukata? Hedifoni ina kitufe kimoja kinachounganisha maiki na ardhi. Kikibonyezwa simu inapoita, inapokelewa. Kikibonyezwa wakati wa mazungumzo, inakatwa. Rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) mnayoweza kuiweka hapo haijui simu iko katika hali gani. Mtu wa upande wa pili akiwa ameshakata, rilei inayobonyeza “kata” inaweza kuiamsha simu upya, na kwenye simu nyingine kubonyeza kwa muda mrefu hupiga tena namba ya mwisho. Mnaweza kupigia namba isiyotarajiwa saa nane za usiku na repita ikarusha hewani mazungumzo yote.

Ongezeni betri ya lithiamu inayochajiwa mfululizo ndani ya kabati la chuma linalopigwa na jua. Huvimba. Wakati mwingine hufanya zaidi ya kuvimba.

Kitochi kina matumizi moja halali: kupokea tu. Simu nyingi za vitufe zina mpangilio wa kupokea zenyewe hedifoni ikiwa imechomekwa, na ofisi inaweza kupiga na kusikika bondeni. Kwa jaribio la wiki moja la kuona kama watu wanauhitaji mfumo huu, inatosha. Msijenge juu yake.

Vifaa vinavyofaa

Mnahitaji visanduku viwili kando ya repita.

Cha kwanza ni kisanduku cha laini, ambacho wauzaji hukiita FWT. Kina mahali pa kuweka laini ya simu ya mkononi (kadi ya SIM), antena ya nje ya kufunga kwa skrubu, na tundu la RJ-11 linalojifanya laini ya simu ya mezani: linatoa mlio wa kupigia, linaita kwa umeme wa kengele, na linapokea namba kwa toni. Kuna mitego mitatu dukani. Simu ya mezani inayotumia laini si kitu hicho, kwa kuwa mara nyingi haina RJ-11 ya kutolea. Pili, tundu liwe la aina ya FXS, linalotoa umeme. La FXO linasubiri kupewa umeme na litakaa kimya. Pimeni kwa mita: tundu la FXS lisilotumika huwa na volti kati ya 24 na 50 za DC, na laini ikinyanyuliwa kwa mazungumzo hushuka hadi chini ya 12 hivi. Tatu, kisanduku cha 4G hakipitishi sauti kwa 4G mpaka kiwe na VoLTE inayokubaliwa na mtandao wenu. Bila hiyo hurudi 3G au 2G, basi hakikisheni mnara mnaouona kutoka kileleni unazo.

Cha pili ni kiunganishi chenyewe, ambacho mafundi hukiita pachi. Zetron Model 30 na zile za Connect Systems zimetumika sana, na zilizotumika tayari hupatikana. Pachi ndiyo yenye akili: inasikiliza toni kutoka redioni, inadai namba ya siri, inanyanyua laini, inapiga, inahesabu muda na kukata. Msinunue isiyo na vipima muda viwili, cha mazungumzo yote na cha ukimya.

Wapo wanaotumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye programu ya simu ya Asterisk na moduli yake ya redio ya app_rpt, kadi ya sauti ya USB yenye chipu ya CM119, na dongle (modemu ndogo) ya mtandao inayopitisha sauti. Ni njia nzuri kwa mtu wa Linux: unapata kumbukumbu ya kila simu, na orodha ya namba zinazoruhusiwa unaiandika utakavyo. Udhaifu wake ni kadi ya kumbukumbu kuharibika umeme unapokatika ghafla, na wati 5 zinazoliwa usiku na mchana. Kama hamna mtu wa kuihudumia, chukueni pachi ya kawaida.

Repita yenu ikiwa ya dijitali ya DMR, nusu ya maelezo ya waya yatakayofuata hayatawahusu. Hapo pachi ya simu ni kipengele cha repita yenyewe na sharti kiwashwe na muuzaji. Pia sauti itabanwa mara mbili, na redio kisha na simu, kwa hiyo itasikika ya bati.

Waya tano

Nyuma ya repita kuna tundu la vifaa vya nje. Fungueni kitabu cha modeli yenu, msikisie pini. Mnatafuta vitu vitano: sauti iliyopokelewa, sauti ya kurushwa, PTT, COS, na ardhi. COS ni alama inayosema “kuna mtu anaongea redioni sasa”. Iwe ni ile inayotii CTCSS pia, si wimbi tupu. Vinginevyo redio ya jirani kwenye masafa hayo itaifunga sauti ya mtu wa simu.

COS huja kwa tabia mbili: nyingine hushuka kwenye volti 0 mtu akiongea, nyingine hupanda. Pachi huwa na swichi ndogo ya kuchagua. Ukiigeuza, dalili yake haifichiki: mtu wa simu hasikiki kabisa redioni mpaka mlinzi abonyeze PTT, na mlinzi hasikiki kwenye simu.

Sauti inayopokelewa ichukuliwe mahali iliposhasawazishwa. Redio hupandisha sauti nyembamba inaporusha na kuzishusha inapopokea, desibeli 6 kwa kila oktavu. Ukichukua sauti ghafi ambayo haijashushwa, toni ya juu ya DTMF inakuja na nguvu kuliko ya chini, na kisomaji cha toni, kama chipu ya MT8870, kinaanza kukosa namba. Kila kitufe cha DTMF ni toni mbili, moja kati ya 697 na 941 Hz, nyingine kati ya 1209 na 1633 Hz, na kisomaji hukataa zikipishana nguvu mno. Ndiyo maana malalamiko ya “7 inasomeka lakini 3 haisomeki” mara nyingi si ubovu wa redio ya mlinzi. Ni waya uliochukua sauti mahali pasipofaa.

Chujeni vilevile kila kilicho chini ya 300 Hz kabla hakijafika kwenye simu. Toni za CTCSS ziko kati ya 67.0 na 254.1 Hz, na zisipochujwa mtu wa simu husikia mvumo chini ya kila neno.

Baada ya waya, viwango. Anzeni na toni ya 1 kHz, sauti ya laini iwe karibu −10 dBm, sawa na milivolti 245 kwenye om 600. Angalieni mita yenu: nyingi za bei nafuu zinadanganya kwa AC iliyozidi 400 Hz, basi osiloskopu ikipatikana ni bora. Kwa chaneli ya 12.5 kHz mkengeuko (kiasi masafa yanavyosukumwa na sauti) usizidi 2.5 kHz hata mtu wa simu akipiga kelele, na toni za DTMF kutoka redio za walinzi ziwe karibu 1.5 kHz. Mtu wa simu akisikika mkubwa kuliko walinzi wenyewe, shusheni upande wa pachi, msiguse mpangilio wa repita, maana mtaharibu mawasiliano ya kawaida.

Bado kuna skrubu moja. Laini ya RJ-11 hubeba kwenda na kurudi kwenye waya mbili zilezile, hivyo sauti ya simu huvuja na kurudi. Pachi ina skrubu ya kusawazisha. Pigeni simu halisi, mtu wa upande wa pili ahesabu kwa sauti, kisha zungusheni mpaka uvujaji uwe mdogo kabisa. Fanyeni hivyo mkiwa na kisanduku cha laini mtakachokitumia, na kebo ileile.

Kupiga na kupigiwa

Mlinzi anabonyeza PTT, anasubiri sekunde moja, anatuma namba ya siri kisha namba ya simu yenye tarakimu 10, anaachia. Ile sekunde moja ni ya lazima: CTCSS inahitaji muda kufungua repita, na asiposubiri tarakimu ya kwanza inapotea. Kisanduku cha laini husubiri sekunde chache baada ya tarakimu ya mwisho kabla ya kupiga. Vingi hupiga mara moja vikipokea #, basi pachi ipangwe kumalizia namba kwa # upande wa laini. Kwa walinzi ni afadhali zaidi kuweka namba fupi: *1 ofisini, *2 daktari, *3 namba ya dharura 112. Mtu aliyejeruhiwa au mwenye hofu hawezi kubonyeza tarakimu 10 bila kukosea.

Msitarajie huduma za “bonyeza 1 kwa Kiswahili” zifanye kazi kutoka redioni. Simu ya mkononi haitumi toni kama sauti. Hutuma ujumbe kwa mtandao, na mtandao ndio unaotengeneza toni upande wa pili. Toni ya redio ikipita kama sauti ya kawaida hubanwa pamoja na maneno na kufika imeharibika. Baadhi ya visanduku hutafsiri toni na kuzituma ipasavyo, vingine la. Jaribuni kabla ya kuahidi.

Simu za kuingia zinahitaji mlango. Bila mlango, kila aliyekosea namba na kila tangazo la mtandao litawasha repita. Wekeni orodha ya namba zinazoruhusiwa kwenye kisanduku cha laini, au pachi ipokee kimya na kudai tarakimu tatu kabla ya kufungua njia ya hewani. Orodha ni bora, kwa kuwa toni zinazofika kwenye simu ya mkononi baada ya kubanwa husomeka leo na kukataa kesho.

Kukata

Hapa ndipo mifumo mingi hufa. Simu moja lazima iwe na njia kadhaa za kukatika, kila moja ikisubiri nyingine ishindwe.

Ya kwanza ni mlinzi kutuma #. Ya pili ni mtu wa simu kukata, na hii ndiyo yenye hila. Pachi haijui kwamba amekata. Inajua kile ambacho kisanduku cha laini kinaiambia. Vingine hukatiza umeme wa laini kwa muda mfupi, vingine hugeuza chanya na hasi, na vingine hutoa tu mlio wa “bize”. Pachi nyingi zimetengenezwa kwa soko la Marekani, ambako mlio wa bize ni mchanganyiko wa 480 na 620 Hz. Visanduku vingi vinavyouzwa kwetu hutoa mlio mmoja wa 425 Hz. Pachi haiutambui, na repita inaurusha mlio huo bondeni dakika baada ya dakika. Fungueni mipangilio ya kisanduku, washeni ugeuzaji wa chanya na hasi au ukatizaji wa umeme kama upo, kisha ipangeni pachi ifuate hiyo. Kama haupo, badilisheni milio ya kisanduku au ya pachi mpaka zielewane.

Ya tatu ni kipima ukimya: COS isipoonekana kwa sekunde 45, kata. Hiki ni kwa ajili ya mlinzi aliyeingia korongoni na redio yake ikapotea, huku mtu wa simu akisema “halo, halo”. Ya nne ni kikomo cha mazungumzo yote, dakika 3, chenye mlio wa onyo sekunde 30 kabla. Ya tano ni kipima muda cha repita yenyewe, na hapa kuna jambo husahaulika: wakati wa simu repita inarusha mfululizo bila kupumzika. Kipima chake kikiwa dakika 3 kamili kitakatiza hewa kabla pachi haijakata, walinzi watasikia kimya, na laini itabaki wazi inakula salio. Repita iwekwe dakika 4, pachi 3.

Ya mwisho haihusiani na simu fulani. Visanduku vya laini huganda. Wekeni saa ya kuwasha na kuzima ya volti 12 inayokata umeme wake dakika moja kila siku saa kumi alfajiri. Kisanduku kiwe cha kujiwasha chenyewe umeme unaporudi, PIN ya laini iwe imeondolewa, simu ya kusubiri izimwe kwa #43#, na kuelekeza simu kuondolewe kwa ##002#, vyote kabla laini haijapanda mlimani.

Antena, mtandao na umeme

Mistari mitano kwenye simu ya fundi kileleni inaweza kuwa ya uongo. Juu ya kilima mnaona minara ya mbali mno, na GSM ya 2G ya kawaida hairuhusu simu kuunganishwa na mnara ulio zaidi ya kilomita 35, hata kama mawimbi yake yanafika yakiwa na nguvu. Vilevile simu inayoona minara sita huhamahama na kukatika. Dawa ni antena ya Yagi iliyoelekezwa mnara mmoja wa karibu. Visanduku vingi huonyesha nguvu ya mtandao kwa amri ya AT+CSQ: zidisheni jibu kwa 2, toeni 113. Jibu la 15 ni −83 dBm, ambalo linatosha. Chini ya 8 msijisumbue.

Antena hiyo ikae angalau mita 3 chini ya antena ya VHF, kwa sababu wati 25 zikiwa karibu hulizidi sikio la kisanduku na simu inakatika kila repita inaporusha. Kebo iwe fupi na nzuri. RG-58 kwenye 900 MHz hupoteza takriban nusu desibeli kwa kila mita, hivyo mita 10 hula zaidi ya theluthi mbili ya nguvu. LMR-400 kwa urefu huohuo hupoteza kama desibeli 1.3. Kila kebo inayoingia kabatini ipite kwenye kizuia radi kilichofungwa ardhini pamoja na mlingoti.

Ule mlio wa “tititi tititi” unaosikika redio ikikaa karibu na simu ni 2G inayopiga mara 217 kwa sekunde. Ukiingia kwenye sauti, tenganisheni visanduku kwa nusu mita au zaidi, tumieni waya wenye kinga iliyofungwa ardhi upande mmoja tu, pete za feraiti kila mwisho, na kapasita ndogo ya nanofaradi 1 kati ya sauti na ardhi pale inapoingia kwenye pachi.

Umeme tupige hesabu. Tuseme repita inavuta ampea 7 ikirusha, na mnategemea simu 12 za dakika 3 kwa siku. Hizo ni dakika 36, yaani saa 0.6, sawa na ampea-saa (Ah) 4.2. Kisanduku na pachi vikivuta ampea 0.3 mfululizo ni Ah 7.2 kwa siku. Jumla Ah 11.4, karibu Wh 137. Kwa saa 5 za jua kali na upotevu wa asilimia 30, ongezeni paneli ya wati 40, na mkipata ya 50 chukueni. Kwa siku tatu za mawingu bila kushusha betri chini ya nusu, ongezeni Ah 70. Mnaona kwamba kinachokula zaidi si mazungumzo, ni kukaa macho. Na repita iliyoundwa kwa redio mbili za gari ishusheni hadi wati 10 au 15. Haikutengenezwa kurusha dakika tatu bila kupoa.

Ruhusa na faragha

Leseni ya masafa ya redio zenu si lazima iwe ruhusa ya kuziunganisha na mtandao wa umma. Tanzania mamlaka ni TCRA, chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010. Kenya ni CA. Andikeni barua, mkiambatanisha mchoro wa mfumo, kabla ya kununua chochote. Laini isajiliwe kwa jina la taasisi, si la fundi, kwa sababu fundi akiondoka laini nayo huondoka. Ugomvi huu wa redio na simu ni wa zamani: Marekani ulifika hadi FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, na mwaka 1968 Thomas Carter wa Texas akashinda kwa kifaa chake cha Carterfone, ambacho mkono wa simu ulilazwa juu yake bila waya kugusana.

Waambieni watumiaji wote kwamba hewa ya analogi haina siri. Mwenye redio yeyote kwenye masafa hayo anasikia. Jina la mgonjwa na ugonjwa wake visitajwe pamoja. Zahanati ipange namba za wagonjwa. Na PIN ya pesa za simu isitamkwe kamwe, hata ofisi ikiomba.

Kabla ya kushuka mlimani

Mtu mmoja abaki kabatini, mwingine awe bondeni na redio, wa tatu ofisini na simu. Pigeni, mlinzi akate kwa #. Pigeni, ofisi ikate. Pigeni namba iliyo bize, kisha iliyozimwa, na mwone kama pachi inaachia yenyewe. Pigeni, mlinzi azime redio katikati ya sentensi, hesabuni sekunde 45. Acheni mazungumzo yafike dakika 3. Wakati mtu wa simu anaongea, mlinzi mwingine abonyeze na kuita dharura, muone kama anasikika kwenye spika ya kabatini. Pigeni laini kutoka namba isiyo kwenye orodha, repita isinyanyuke. Mwisho, simu ikiwa inaendelea, fungueni antena ya kisanduku cha laini na subirini. Taa ya kurusha ya repita ikizimika bila mtu kugusa kitu, fungeni kabati.